Orodha Iko Ndani ya Boksi

Wewe ulipita pale. Usijitie hamnazo. Ilikuwa Jumanne, saa tatu unusu asubuhi, geti la stoo ya Huduma lilikuwa wazi, na ndani, katikati ya maboksi yaliyopasuliwa, alikuwepo mwanamke wa miaka sitini na tatu amepiga magoti sakafuni, mkasi wa fundi cherehani mkononi. Ulimwona. Ulipunguza mwendo kidogo, ukamtazama kama watu wanavyotazama ugomvi wa ndoa ya jirani, halafu ukakumbuka kwamba una simu, ukaitoa mfukoni, ukashika njia yako. Jioni ukasimuliwa kuwa Bi Stoo amerukwa na akili, amepasua zawadi za Mungu. Ukacheka. Hukuuliza alikuwa anatafuta nini.

Basi leo utaambiwa, kwa sababu alichokuwa anatafuta kinakuhusu kuliko unavyodhani.

Jina la Bi Stoo alilipata hospitali kuu, alikotunza stoo miaka thelathini na moja. Daktari aliyeishiwa uzi wa kushonea alimpigia yeye kabla ya kumpigia mganga mkuu. Ungeweza kumwamsha usingizini ukamuuliza glovu namba saba ziko wapi, akakujibu rafu ya tatu, upande wa dirisha, kisha akageukia ukutani akaendelea na ndoto yake. Jumamosi zake alizitoa kwa Huduma, na alipostaafu akazitoa na siku nyingine zote.

Huduma unaijua. Ni Wakristo wa makanisa mbalimbali, watu wa kujitolea, halipwi mtu hapo hata nauli. Likitokea janga wanapeleka mablanketi, mahema na unga. Pasipo na janga wanakusanya vifaa vya tiba kwa ajili ya zahanati za misheni. Hilo tuliseme kwa haki: ni watu wema. Stoo yao zamani ilikuwa karakana ya useremala, na mpaka leo ukiegemea ukuta unaondoka na vumbi la mbao begani. Watu hao wema wamekaa humo miaka kumi na miwili wakifanya kosa moja, lile lile, na wakilifanya kwa sala.

Kosa lenyewe ni hili. Boksi likiletwa, linabandikwa karatasi nyeupe ubavuni: jina la aliyetoa na namba. Juu linafungwa kwa selotepu pana, na juu ya selotepu inapigwa karatasi ya muhuri. Ukitaka kujua kuna nini ndani, sharti usome orodha. Na orodha iko ndani ya boksi.

Rudia kusoma hapo kama hukuelewa. Wenyewe wanaelewa na hawaoni ajabu.

Saa moja na nusu asubuhi ya Jumanne hiyo, simu ya Bi Stoo ililia akiwa anafunga kitenge. Alikuwa binti yake, muuguzi, ambaye mafuriko yalipotokea alikwenda na kikosi cha kwanza cha kanisa kwenye kambi iliyoko ng'ambo ya mto.

"Mama, lori la juzi limefika."

"Tunamshukuru Mungu."

"Ngoja kwanza kushukuru. Mmetuletea chupa mia nne za dripu. Mirija iko wapi?"

"Mirija gani?"

"Mirija ya dripu, mama. Ya kutoa maji kwenye chupa kuyapeleka mwilini. Nimekaa juu ya chupa mia nne kama kuku anayeatamia, na mrija sina hata mmoja. Ile iliyokuwepo imeisha usiku."

Bi Stoo akakaa kitandani. "Wagonjwa wangapi?"

"Wa kuhara ni wengi. Wanaoweza kunywa tunawanywesha maji ya chumvi na sukari, wanapata nafuu. Ila kuna kumi na tisa wanatapika kila tone. Hao kwa mdomo haiwezekani." Bi Stoo akasikia mtoto analia kwa mbali, kilio cha mtoto asiye na nguvu ya kulia. "Mafundi wanatengeneza daraja. Magari yanaruhusiwa asubuhi tu mpaka saa saba mchana. Basi. Leo wakifunga, ni mpaka kesho."

"Lori la pili linatoka saa nne."

"Basi mirija iwe humo."

"Itakuwa humo," alisema Bi Stoo. Alipokata simu, alijua mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza: mirija ipo. Mwezi wa pili, katika ibada, zilitangazwa shukrani kwa chama cha wauguzi wastaafu, waliotoa katoni ya mirija ya dripu, mia mbili kamili. Yeye mwenyewe aliitikia amina. La pili: katika maboksi mia sita na kumi na mawili yaliyomo stoo, hakuna binadamu anayejua katoni hiyo imo katika lipi.

Saa mbili kasorobo alikuwa getini. Wa kwanza kumkuta ni Fundi, mshona nguo mzee aliyekuja kila asubuhi kushona mifuko ya mablanketi, mkasi wake umening'inia shingoni kwa kamba kama msalaba wa askofu.

"Dada, leo umekimbizwa?"

"Fundi, wauguzi wastaafu waliandika jina gani kwenye boksi lao?"

"Mimi najua ya sindano na uzi. Tazama daftari."

Daftari lilikuwa kwenye meza ndogo: namba na jina, tarehe hakuna. Bi Stoo alipitisha kidole ukurasa kwa ukurasa. Wauguzi wastaafu hawakuwemo. Akampigia simu kiongozi wao, mkunga wa zamani wa miaka sabini na nane aliyefundisha kazi nusu ya mji na ambaye sasa hasikii vizuri, na ikabidi apige kelele hadi njiwa wakaruka kwenye mabati.

"Mirija, ndiyo, tulitoa," alisema yule mkunga. "Tuliweka na mashuka kidogo juu yake, nafasi isipotee bure."

"Kwa jina gani, mama?"

"Kwa jina la marehemu. Tuliandika Kumbukumbu."

"Marehemu yupi?"

"Mwanangu," alisema yule mkunga taratibu, "tumezika wengi."

Bi Stoo akarudi kwenye daftari akahesabu. Maboksi yaliyoandikwa Kumbukumbu ya mtu fulani yalikuwa sabini na moja, yametawanyika stoo nzima katika marundo ya sita sita, kwa sababu yalipangwa yalivyoingia. Fundi alisoma namba hiyo begani mwake, akapiga mluzi mdogo.

"Wafu wametoa kuliko wazima."

"Nipe huo mkasi."

"Ngoja shemeji yako aje, dada. Nisije nikafukuzwa na mkasi wangu."

Shemeji yake alikuja saa mbili na robo. Huyu ndiye Katibu wa Huduma, mdogo wa marehemu mumewe, mwalimu mkuu mstaafu, mtu mpole anayevaa tai hata siku ya kushusha unga. Hajawahi kuiba hata pini. Angekuwa mwizi, kazi ingekuwa rahisi, mwizi unamfukuza. Bi Stoo alimweleza yote amesimama: chupa, mirija, watu kumi na tisa, daraja, saa saba.

Katibu alivua miwani akaifuta kwa ncha ya tai. "Pole sana, shemeji. Kwa hiyo unataka tufungue sabini na moja."

"Mpaka tuipate. Pengine ni la kwanza."

"Pengine ni la mwisho." Akaivaa miwani. "Kadi ya shukrani tunayompa kila anayetoa, unaijua imeandikwa nini. Zawadi yako itafunguliwa na mkono wa mhitaji peke yake. Tumewaahidi watu mbele ya madhabahu."

"Mhitaji yuko ng'ambo ya mto, anatapika."

"Basi tupeleke maboksi yenyewe, afungue huko."

"Lori limeshajaa mahema na unga, wewe mwenyewe ulisimamia. Yataingia maboksi thelathini ukiyabana. Thelathini yapi? Nichague kwa kufumba macho? Na yule binti wa kaka yako ndiye aache wagonjwa aanze kupasua mashuka?"

"Usinikasirikie, shemeji. Utaratibu huu haukuwa wangu." Hapo akashusha sauti, kwa huruma kabisa, kama mwalimu anayemkumbusha mwanafunzi mzuri jibu alilolisahau. "Ulikuwa wako."

Fundi akajifanya anatafuta uzi sakafuni.

Na ilikuwa kweli. Bi Stoo hana kipaji cha kusahau, na hilo ndilo linalomchosha. Alikumbuka mafuriko ya miaka kumi na miwili iliyopita, maboksi yalipofika kambini nusu yakiwa matupu. Wakati ule orodha zilibandikwa nje, kila mpita njia anasoma: blanketi jipya, sufuria, viatu. Wiki mbili baadaye blanketi la bluu alilolitoa yeye mwenyewe alilikuta limeanikwa kwenye kamba ya mjumbe mmoja wa kamati. Mkutano ulipoitwa akasimama, damu inachemka, akasema: boksi lifungwe, lipigwe muhuri, na orodha iingie ndani, mwizi asijue aanzie wapi. Wakapiga makofi. Ikaandikwa. Wizi ukaisha tangu siku hiyo.

Alikumbuka pia yaliyofuata. Mwaka wa tetemeko walipeleka viti vya magurudumu thelathini, na magurudumu ya mbele yakaonekana miezi minane baadaye katika boksi lililoandikwa Kwa Upendo, Ukoo wa Mzee Baharia. Mwaka wa maporomoko yakaenda magongo ya wagonjwa sitini, yote ya watoto, na watu wazima waliovunjika miguu wakaletewa pole. Kila mara alisimama mkutanoni akasema orodha itoke nje sasa, tuweke mlinzi na kufuli. Kila mara walimjibu kuwa wazo lake la kwanza lilikuwa zuri mno kulibadilisha.

"Niliuweka mimi," alisema. "Basi acha niutoe mimi."

"Kamati ndiyo iliyopitisha, kamati ndiyo itakayotengua. Nimpigie Mwenyekiti."

Mwenyekiti alikuwa mazikoni. Simu iliita mara nne, ya tano akapokea kwa kunong'ona, Katibu akaeleza kwa kirefu kama anayesoma ripoti ya muhula, Mwenyekiti akasema jambo zito hilo, tuliombee, akitoka makaburini atapiga. Katibu akaweka simu mezani, akainamisha kichwa.

"Tuombe, shemeji."

"Omba wewe, mimi nitumie mikono," alisema Bi Stoo. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika tano. Alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na Fundi, mzee yule mwoga, akavua mkasi shingoni akamwekea kiganjani.

Katibu hakumshika. Alibaki amesimama na tai yake, akasema kwa sauti ya mtu anayeumia kweli, "Unavunja ahadi ya watu wengine." Kisha akatoka nje akamwambia dereva wa lori saa nne ikifika aondoke, mirija iwepo isiwepo, kwa sababu mahema nayo yana wenyewe wanaoloa.

Hapo ndipo ulipopita wewe.

Ulichokiona ni karatasi tu. Sikiliza kilichokuwa kinafanyika. Kila boksi la Kumbukumbu lilikuwa chini ya mengine matatu au manne, na kila moja ni mzigo. Fundi alisoma majina, Bi Stoo akashusha, mgongo unalia kama bawaba. Kata selotepu, chana muhuri, toa barua. Mwanzoni alisoma barua, akidhani orodha itamwokoa. Barua ya kwanza ilikuwa kurasa mbili za wasifu wa marehemu, na kwenye orodha pameandikwa: tumeweka kadiri tulivyojaliwa. Ya pili: vitu mbalimbali. Ya tatu ilikuwa na zaburi nzima kwa mwandiko mzuri na hakuna orodha kabisa. Akaacha kusoma, akawa anazamisha mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko.

"Tai," alisema. "Tai kumi na mbili. Nani alizama akahitaji tai?"

"Atazikwa nayo," alisema Fundi.

"Fundi, usinichekeshe nikakosa nguvu."

Likafuata koti la baridi kali lenye manyoya shingoni. Likafuata gauni la harusi. Viatu vya kushoto vitupu. Dawa ya kikohozi iliyokwisha muda kabla ya mjukuu wake kuzaliwa. Lakini pia, na hapa ndipo hasira ilipomkaba, yalitoka maboksi ya maana: mikasi ya kukatia vitovu, mpya, kwenye karatasi zake, glovu, mashine ya kupimia presha ambayo zahanati moja ya misheni iliiombea mwaka mzima, na Bi Stoo akaijibu kwa mkono wake mwenyewe kwamba kwa sasa hatuna. Ilikuwepo. Ilikuwa mita sita kutoka kwenye meza alipoandikia ile barua.

Aliiweka mashine chini taratibu. Mkasi ukamshukia pajani.

"Dada, muda," alisema Fundi.

Saa nne ikafika. Dereva, mwanaume mnene anayeitwa Breki kwa sababu hajawahi kufika popote mapema, aliwasha lori, akalizima. Akashuka, akainama kwenye gurudumu la nyuma.

"Kuna nini?" aliuliza Katibu.

"Tairi, mzee. Silielewi."

"Ulilikagua asubuhi."

"Ndiyo nililikagua. Sasa halinielewi." Na akalikagua tairi lile mara tano, upande huu na upande ule, akiligonga kwa spana, jicho moja ndani ya stoo. Katibu alijua, na Breki alijua kuwa anajua.

Mkono wa Bi Stoo uligusa plastiki laini chini ya mashuka saa tano kasoro dakika kumi. Boksi la arobaini na tatu. Jina lililoandikwa ubavuni lilikuwa la mhudumu wa wodi aliyefariki miaka ishirini iliyopita, mtu aliyemfahamu. Hakulia wala hakushangilia. Alihesabu kwa mazoea, mirija mia mbili, akaikumbatia ile katoni, akatoka nayo juani, akaiweka kwenye kiti cha mbele cha lori na kuifunga mkanda kama abiria.

"Mwendo wa saa mbili," alisema.

"Mama, nitajitahidi. Lakini njia ni tope tupu."

"Leo badilisha jina, mwanangu."

Breki aliondoka saa tano kamili na kweli siku hiyo hakushika breki. Alifika darajani saa saba na dakika kumi na mbili. Kizuizi kilikuwa kimeshushwa. Alishuka, akaomba, akaonyesha katoni, akasema niacheni nivuke kwa miguu nimeibeba kichwani. Msimamizi wa mafundi akamwonyesha mbao za daraja zilizokwisha kung'olewa na maji ya rangi ya kutu yakipita chini. Angemwambia nini? Dakika kumi na mbili. Wakati ule ule aliotumia Katibu kumweleza Mwenyekiti aliye mazikoni. Ukitaka kuhesabu, hesabu hizo.

Breki alilala kwenye usukani. Mirija ilivuka Jumatano saa tatu asubuhi.

Binti alipiga simu jioni yake. Bi Stoo alikuwa stoo, akiandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye mbavu za maboksi arobaini na mawili yaliyobaki kati ya aliyoyafungua: GLOVU. PRESHA. MAKOTI, BURE.

"Imefika, mama."

"Wote wametundikiwa?"

"Kumi na watatu wametundikiwa."

Bi Stoo alifunika kalamu. "Ulisema kumi na tisa."

"Ndiyo nilisema." Sauti ya binti ilikuwa imechoka. "Mama, hii mirija ilikuwa wapi?"

"Hapa stoo."

"Tangu lini?"

Angeweza kusema imeletwa juzi. Nani angejua? Daftari lenyewe halisemi. "Tangu mwezi wa pili," alisema Bi Stoo.

Upande wa pili mtu akaita muuguzi, muuguzi, na simu ikakatika.

Alhamisi kamati ilikaa. Wajumbe tisa, Bi Stoo na Fundi wakiwemo, viti vya plastiki, sala ya kufungua. Ajenda ilikuwa moja na haikuwa watu sita. Ilikuwa mihuri arobaini na mitatu. Mjumbe mmoja alisema amepigiwa simu na familia iliyosikia boksi la baba yao limechanwa, mama mtu hali chakula. Mwingine akasema leo ni mirija, kesho mtu atafungua kwa sababu anataka sufuria. Walizungumza kwa upole. Walimwita dada yetu mpendwa.

Bi Stoo alisimama akiwa ameshikilia kiti. "Kosa la kwanza ni langu," alisema. "Mimi ndiye niliyeiingiza orodha ndani ya boksi. Niliogopa wezi wa mablanketi. Wezi walikuwa wanaiba blanketi moja moja. Sisi tumeficha stoo nzima. Naomba Jumamosi hii tufungue yote, tupange kwa kitu, siyo kwa jina. Glovu na glovu. Dawa na dawa. Jina la mtu likae kwenye daftari."

"Mtu anatoa kwa sababu anajua kitu chake kitafika na jina lake," alisema Katibu. "Ukiliondoa jina, shemeji, utaondoa na utoaji. Nimefundisha watu miaka arobaini. Nawajua."

"Kwa hiyo tunatunza majina."

"Tunatunza imani ya watu."

"Waliokufa nao walikuwa na imani."

Kwa kitambo kidogo ilionekana kama jambo linaweza kugeuka. Mwenyekiti alitazama mikono yake. Kisha akasema tupige kura. Saba wakasema utaratibu ubaki. Wawili wakakataa, Bi Stoo na Fundi, na Fundi aliuinua mkono wake mpaka juu. Bi Stoo akaambiwa apumzike kidogo, arudishe ufunguo. Mchana ule ule vijana wa kwaya wakaja, wakafunga upya maboksi arobaini na mawili, orodha ndani, muhuri juu, na karatasi nyeupe mpya ikabandikwa kuziba yale aliyoandika kwa wino mzito. Na ile presha ikarudi ndani.

Mlangoni, akimkabidhi shemeji yake ufunguo, Bi Stoo aliuliza swali moja tu.

"Na mwenye boksi akija mwenyewe? Akisema lifunguliwe?"

Katibu alifikiri kwa uaminifu, kama anavyofikiri kila kitu. "Mwenye boksi ni mwenye boksi," alisema. "Akija na kadi yake, hilo ni lake. Siwezi kumzuia."

"Hata akitaka kuandika kwa nje kilichomo?"

"Hata hivyo. Lakini nani atakuja, shemeji?"

Leo Ijumaa, tangu asubuhi, Bi Stoo anatembea nyumba kwa nyumba na maneno hayo. Wanamkaribisha kiti. Wanampa pole. Wanasema watazungumza na familia, wataangalia Jumapili baada ya ibada. Mmoja alimwambia amesikia mambo yake akacheka mlangoni, na huyo ulikuwa wewe.

Sasa ni hivi. Lori la tatu linatoka kesho saa nne. Kambini wameishiwa glovu, wanazalisha akina mama kwa mifuko ya plastiki waliyojifunga mikononi. Wanataka vidonge vya kusafishia maji. Wanataka vifaa vya kuwatundikia dripu watoto wachanga, vile vidogo, kwa sababu vya wakubwa vinapasua mishipa yao. Vingi vya hivyo vimo katika maboksi mia sita na kumi na moja yaliyobaki. Bi Stoo hajui yapi, Katibu hajui, Mwenyekiti hajui. Unajua wewe. Wewe ndiye uliyekunja, ukapanga, ukafunga, ukapigiwa makofi kanisani, na kadi ya shukrani ukaichomeka ndani ya Biblia yako kwenye kurasa usizozifungua.

Itoe. Usingoje Jumapili; Jumapili daraja litakuwa limefungwa tena na idadi imeshabadilika. Stoo iko wazi leo mpaka saa kumi na moja jioni. Nenda na kadi mkononi, simama mbele ya Katibu, mwambie fungua hili, ni langu. Atafungua, amesema mwenyewe. Chukua kalamu, andika ubavuni kwa herufi kubwa kilichomo, hata kama ni tai, hata kama utaona haya. Ukimaliza mpigie jirani yako uliyeketi naye benchi moja siku ya kutoa, naye aje na ya kwake. Vaa viatu. Nenda sasa.